Nimekuja kupima uzito tu

Aliiweka kadi ya mtoto mezani kifudifudi.

Ilikuwa siku ya kliniki, saa nne asubuhi. Mabenchi yalijaa mpaka kina mama wengine wakakaa kwenye ukingo wa baraza. Mtoto alikuwa na miezi tisa na siku kadhaa, mnene, amevalishwa kofia ya kufuma pamoja na joto lile lote la pwani. Niliponyoosha mkono kuichukua kadi, mama yake aliishikilia kidogo kwa vidole viwili kabla ya kuiachia.

"Nesi, mimi nimekuja kupima uzito tu."

Nikaigeuza. Chanjo za kuzaliwa zipo. Za wiki sita zipo. Baada ya hapo hakuna kitu: wiki ya kumi patupu, wiki ya kumi na nne patupu, na ya surua ndiyo hiyo imefika. Nikapandisha sauti, kwa sababu nilishazoea kupandisha, na kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Mama, unataka mwanao afe kwa surua? Au unasubiri apooze ndiyo uje kunililia hapa?"

Mabenchi yote yakanyamaza.

Hakunijibu. Alimtoa mwanawe kwenye mizani, akamfunga mgongoni kwa kanga, akachukua kadi yake, akaondoka.

Ule uzito aliokuja kuupima sikuuandika.

Mtoro

Mchana nilikaa kujaza rejista. Wauguzi wenzangu wanalijua neno tunalowaitia watoto ambao hawakurudi kwa dozi inayofuata. Tunawaita watoro. Tunaandika orodha ya watoro, tunampa mhudumu wa afya wa kijiji, naye anapita kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Nimeliandika neno hilo kwa miaka tisa. Siku hiyo kalamu ilisimama.

Mtoro ni mtu aliyekimbia. Huyu mama alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mikoko, akapanga foleni tangu saa mbili na mtoto mapajani. Mtu asiyetaka kabisa mambo yetu haji kupimisha uzito. Anabaki nyumbani, tena kwa raha zake. Huyu alikuja mpaka mezani kwangu akiwa na jambo moyoni, akaificha kadi kama mwanafunzi anayeficha daftari lenye makosa, na mimi nikamchapa mbele ya darasa zima.

Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Wiki ya tatu, usiku, nikiwa naosha vyombo, nikakumbuka kitu kwenye ile kadi. Tarehe ya wiki sita ilikuwa na saba mbili, na kila saba ilikuwa na kimstari katikati. Katika zahanati yetu anayeandika saba namna hiyo ni mmoja.

Ni mimi niliyemchoma.

Sekunde kumi

Najua nilichomwambia siku ile, kwa sababu nilikuwa nawaambia wote maneno yaleyale: "Haya mama, tayari. Hakuna shida. Rudi baada ya wiki nne." Hayo ni maneno ya sekunde kumi, halafu mwingine anaingia.

Hilo "hakuna shida" ndilo limenikosesha usingizi.

Ile sindano ya penta ina kinga tano kwa pamoja: donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sehemu ya kifaduro imetengenezwa kwa vijidudu vizima vilivyouawa, na hiyo hasa ndiyo inayochangamsha mwili mpaka mtoto akapata homa, akalia, paja likavimba kidogo. Mara nyingi siku moja au mbili imekwisha. Hakuna muuguzi wa kliniki ya mtoto asiyelijua hili. Tunalinyamazia kwa sababu tunaogopa tukilisema watakimbia.

Nami nilipaswa kuwa wa mwisho kunyamaza. Mwanangu wa kwanza alipofikisha wiki sita, mikono yangu ilikataa. Nilikuwa nimechoma mamia ya watoto, lakini wangu nilimpa mwenzangu amchome, nikatazama dirishani. Usiku akawa wa moto. Nilikuwa na kipimajoto, nilikuwa na panadol ya maji, nilikuwa na elimu yangu yote, na bado saa nane usiku nilikaa kitandani nimemkumbatia huku machozi yananitoka.

Sasa mchukue msichana wa miaka ishirini. Mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, hatarudi mpaka bamvu, yale maji makuu ya bahari, lipite. Nyumbani yuko na mkwewe. Nesi amemwambia hakuna shida. Saa nane usiku mtoto anaungua.

Ataamini nini? Ataamini ama nesi amemdanganya, ama sindano imemdhuru mwanawe. Hakuna la tatu, kwa sababu la tatu sikumpa.

Hotuba zangu

Nimekuwa na hotuba nzuri sana kwa miaka mingi.

Akija mama aliyesoma kwenye WhatsApp kwamba chanjo ya surua inaleta usonji, nilikuwa namweleza tangu mwanzo. Kwamba mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala juu ya watoto kumi na wawili tu. Kwamba jarida la Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutiwa usajili wa udaktari. Kwamba watafiti wengine walifuatilia watoto kwa maelfu na maelfu, wasiuone uhusiano wowote. Yote ni kweli, na nilikuwa nayasema vizuri.

Siku moja nilipomaliza, mama akaniangalia, akauliza, "Kwa hiyo nesi, wa kwako ulimchanja?"

Nikasema ndiyo, wote wawili. "Uliogopa?" Nikasema niliogopa. Akafungua kanga, akanipa paja la mtoto.

Sikuelewa wakati ule. Nilidhani hotuba ndiyo iliyofanya kazi.

Kuna maswali mengine ambayo tuliyageuza kuwa ukaidi wakati ni maswali ya haki kabisa. Mwaka 2022 tulipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, duru baada ya duru. Kina mama wakauliza: mbona huyu kanywa juzi tu? Tukawajibu ni agizo la Wizara. Jibu lenyewe lilikuwepo na lilikuwa rahisi kueleweka: Februari mwaka huo polio ya asili ilithibitishwa Lilongwe, Malawi, jirani zetu hapo, kirusi chenye asili ya Pakistan, na kila tone la nyongeza ni kufunga mlango mtoto akiwa bado ndani. Ni sentensi mbili. Tungezisema.

Na huku Tanga, karibu na mpaka, watu husikia redio za pande zote mbili. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia kizazi. Serikali yao, pamoja na WHO na UNICEF, wakasimama kusema ni salama. Kukanusha kulifika huku kumepoa, tuhuma ilifika ya moto. Halafu ikaja korona. Mwanzoni mwa 2021 chanjo zake zilitiliwa shaka hadharani na mkuu wa nchi wa wakati huo, Rais Magufuli mwenyewe, na tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia akachomwa mbele ya kamera. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti yangu, tushike la lini?" Nilimwona mbishi. Leo nikilirudia swali lake naona ni la mtu anayesikiliza kwa makini kuliko sisi tulivyotaka asikilize.

Shikamoo bibi

Wiki ya tano nilimwomba mhudumu wa afya wa kijiji anipeleke. Sikuvaa sare. Nilibeba kilo moja ya sukari, kwa sababu huendi nyumba ya watu mikono mitupu ukiwa umewakosea.

Mama mwenyewe alikuwa anachambua mchele. Aliponiona alishusha ungo akausimamisha kama ngao. Mkwewe alikuwa juu ya mkeka kivulini, anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kumkamata?"

Nikakaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani, yote yakapotea. Nikamgeukia yule mama nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile nilikusema vibaya mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi. Na ile sindano ya wiki sita niliichoma mimi. Nikakwambia hakuna shida. Naomba uniambie usiku ule ulikuwaje."

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi si mtu wa kukaa kimya, kazi yetu haitufundishi. Nilijibana.

Halafu akaanza. Mtoto alilia tangu magharibi mpaka alfajiri. Lile paja liligeuka gumu kama limao bichi, na likiguswa mtoto anapiga ukelele. Alimpigia mumewe simu, simu haipatikani baharini. Alimbeba akazunguka naye uani mpaka miguu ikamfa ganzi. Na maneno yaliyokuwa yanamzunguka kichwani usiku kucha ni haya: nimempeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Hakuwa na habari za usonji. Hakuwa na habari za kizazi. Nilikuwa na majibu ya maswali kumi ambayo huyu mama hakuwahi kuyauliza.

Nikamwambia kweli. Kwamba homa ile na uvimbe ule vilitokana na chanjo. Kwamba nilijua vinaweza kutokea na sikumwambia. Kwamba ulikuwa mwili wa mtoto unajifunza kupigana, na ndiyo maana vilikwisha vyenyewe.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

Nilidhani hapo nimempoteza. Ila alirudisha ungo mapajani, akaendelea kuchambua.

Alichokiona bibi

Sisi wauguzi tuna mazoea ya kuwalaumu wakwe. Nilitegemea yule bibi ndiye ukuta. Nikamuuliza tu, bila hila yoyote, kwa kuwa nilitaka kujua: "Bibi, wewe surua uliiona?"

Akaacha ukili.

Alisema kwao walikuwa saba. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975, bibi wakati huo keshakuwa mwari. Aliyekuwa akimfuata kwa kuzaliwa alishikwa na surua mwaka wa njaa. Macho yalikuwa mekundu, hataki mwanga, wakamfunika kwa shuka chumba cha nyuma. Vidonda mdomoni, hali, hanywi. "Akapona surua," bibi akasema, "macho hayakupona." Alimwongoza ndugu yake kwa fimbo mpaka anaolewa.

Mkwe wake alikuwa anamtazama. Nadhani hakuwahi kuisikia habari ile, au aliisikia kama hadithi za watu wa zamani.

Ndipo nilipoona nilichokuwa nimekosea miaka yote. Yule mama hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa anaamua kwa kile alichokiona kwa macho yake. Homa ya chanjo aliiona, aliibeba uani usiku kucha. Surua hajawahi kuiona hata siku moja, na hajaiona kwa sababu chanjo imefanya kazi. Kwenye mizani yake upande mmoja una usiku mzima wa kilio, na upande wa pili una neno lililobandikwa ukutani kwa bango la Wizara.

Sikuongeza neno. Nilitamani kuongeza, nilikuwa na takwimu mdomoni. Nilimuuliza tu kama naruhusiwa kumweleza homa ya chanjo ya surua hufanyaje, ili ajue kabla. Akasema sema.

Nikamweleza kwamba yenyewe haiji usiku uleule. Ikija, huja baada ya siku saba mpaka kumi na mbili, pengine na vipele vidogo, halafu inaondoka. Nikamwambia dalili ambazo akiziona asisubiri hata kukuche: mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akishikwa na degedege. Nikaandika namba yangu ya simu nyuma ya kadi.

"Siahidi," akasema.

Nikamwambia sikuja kuchukua ahadi.

Mpishi wa Merca

Njiani kurudi nilimkumbuka mtu ambaye tulisomeshwa habari zake chuoni kama tarehe ya mtihani. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kwenye mji wa Merca, pwani ya Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeupata ugonjwa huo kwa njia ya asili baada yake. Alikuwa mfanyakazi wa hospitali, chanjo imemzunguka kila upande, naye hakuchanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sindano itauma.

Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio nchini kwake, akawa anawasimulia wazazi habari zake mwenyewe, kwamba aliogopa, na kilichompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyohiyo.

Chuoni walitufundisha ndui iliisha lini. Nadhani wangetufundisha vilevile jinsi mtu yule alivyoanza mazungumzo yake.

Mashaka ambayo bado ninayo

Mwenzangu mmoja kazini, mkubwa kwangu na mtu ninayemheshimu, hakufurahi. "Ukiwaacha wachague leo hii na kesho ile, wote watachagua. Na siku unayombembeleza mmoja, arobaini wanakusubiri."

Hilo la arobaini sina jibu lake lililonyooka. Kwenye nyumba ile nilikaa zaidi ya saa moja. Kliniki tuko wawili. Ninachoweza kusema ni kwamba kina mama wengi sana wanakuja tayari, na kwao sifungui mjadala. Nasema tu, "Leo anapata matone na sindano mbili, moja kila paja, usiku anaweza kupata homa," na kazi inaendelea. Mwenye jambo moyoni hujionyesha mwenyewe. Huvuta kadi, huuliza kitu kingine, husema amekuja kupima uzito tu. Huyo namwambia asubiri pembeni mpaka nipungukiwe, mbali na masikio ya benchi. Wengine wanasubiri, wengine wanaondoka.

Na la kuchagua nalo linanisumbua. Kusubiri kuna gharama. Kifaduro kinaua zaidi watoto wachanga, na mtoto yule alivuka miezi yake ya hatari akiwa na dozi moja tu. Alivuka kwa bahati. Bahati hiyo haikuwa mali yangu kuichezea kwa "hakuna shida" yangu ya sekunde kumi. Surua nayo, ikiingia kijijini mgonjwa mmoja tu anaweza kuambukiza watu kumi na zaidi wasio na kinga, na haiulizi nani alikuwa bado anafikiria.

Pia wapo ambao sitawapata. Baba mmoja alinisikiliza kwa adabu mwanzo hadi mwisho, akasema hapana, akanisindikiza mpaka njia panda. Nikikutana naye sokoni tunasalimiana, namuulizia watoto. Sina zaidi ya hapo kwa sasa.

Kidogo nilichobadilisha ni cha mikono kuliko cha mdomo. Namwambia mama amnyonyeshe mtoto huku namchoma, badala ya kumlaza chali na kumshika miguu kama anayechinjwa. Matone kwanza, sindano baadaye, iumayo zaidi mwisho. Watoto wanalia kidogo zaidi ya nusu dakika, wengine hawalii. Yule wa nyuma kwenye foleni anaona.

Dozi kumi

Alikuja siku ambayo si ya kliniki.

Ijumaa, saa nane mchana, jua kali. Mumewe alikuwa amerudi kutoka dago, alisimama nje chini ya mwembe na baiskeli, amevua kofia. Mama akaingia, akaiweka kadi mezani uso juu.

"Ya surua tu, nesi. Ile nyingine bado."

Nilitaka kumwambia kwamba ile nyingine haianzi upya, anaendelea alipoachia, na kwamba zote mbili zinaweza kutolewa siku moja bila tatizo. Nikamwambia mara moja, kwa sentensi hiyohiyo moja, nikaacha.

Chanjo ya surua na rubella tunayotumia huja kama unga mkavu kwenye kichupa cha dozi kumi. Ukishauchanganya na maji yake una saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo kwa miaka yote, mama akija peke yake siku isiyo ya kliniki, tulimwambia arudi watoto watakapotosha. Nimewarudisha wangapi? Maelekezo yenyewe yanasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Sisi tuliogopa kuandika tisa kwenye safu ya zilizopotea.

Nilifungua friji. Nikatoa kichupa, nikakitazama kile kimraba cha katikati ya duara kama rangi yake bado imepauka inavyotakiwa, nikamwonyesha na yeye nikamweleza maana yake. Nikauchanganya unga na maji yake.

"Unafungua yote kwa huyu mmoja?" akauliza.

"Ndiyo."

Alimweka mtoto titini. Mkono wa kushoto, juu. Mtoto aliachia ziwa, akafungua mdomo, akanitazama kwa hasira, kisha akalirudia ziwa lake. Nikampima na uzito. Kilo nane na nusu. Nikauandika, na mstari wa ukuaji ukapanda.

Kwenye safu ya zilizopotea niliandika tisa.

Siku ya nane simu yangu iliita saa kumi alfajiri, namba nisiyoijua. Nilikaa kitandani kabla sijapokea.

"Nesi, ni mimi. Homa imekuja, kama ulivyosema."

"Ananyonya?"

Nilimsikia akimsogeza mtoto, kanga ikichakacha kwenye simu.

"Ananyonya."